Nakshi Iliyobaki Mlangoni: Ukurasa wa Kiswahili kati ya Mnakili na Mtambo wa Chapa katika Karne ya 19

Mwanafunzi wa shule ya sekondari mjini Awendo, katika iliyokuwa Nyanza Kusini na sasa ni Kaunti ya Migori, hufundishwa kwamba utenzi ni tungo yenye beti za mishororo minne mifupi, ambamo mishororo mitatu ya kwanza huwa na kina kimoja na wa nne hubeba kina cha bahari. Fasili hiyo imo katika takriban kila kitabu cha kiada, na macho ya mwanafunzi huithibitisha: ubeti umekaa mbele yake kama ngazi fupi ya vidato vinne, kisha nafasi tupu, kisha ngazi nyingine. Makala haya yanadai kwamba fasili hiyo, licha ya usahihi wake wa kimizani, inaeleza kazi ya mpanga herufi zaidi ya inavyoeleza kazi ya mtunzi na mnakili wa Lamu, Pate au Siyu. Ngazi hiyo ilijengwa na mtambo wa chapa. Kabla yake, ukurasa wa Kiswahili ulikuwa na umbo jingine, na umbo hilo lilishikiliwa na kitu ambacho wahakiki wa fasihi hawajakipa nafasi inayostahili, yaani nakshi.

Neno nakshi hapa halina budi kupewa mipaka. Katika historia ya vitabu vya Ulaya, karne ya 19 huhesabiwa kuwa karne ya kitabu chenye picha. Thomas Bewick wa Newcastle, aliyetoa juzuu mbili za ndege wa Uingereza mwaka 1797 na 1804, aliipa sanaa ya kuchonga mbao uhai mpya kwa kuchonga upande wa mti uliokatwa kukingama nyuzi zake, badala ya ubao uliopasuliwa kwa urefu. Mti wenyewe ulikuwa mgumu, na chombo kilikuwa kalamu ya chuma ya wachongaji wa madini. Matokeo yake yalikuwa mistari myembamba isiyowahi kupatikana kwenye mbao, na jambo lililo muhimu zaidi kwa historia ya uchapaji ni kwamba kipande hicho cha mti kilikuwa na kimo sawa na herufi za risasi. Kiliweza kufungwa pamoja na maneno katika fremu moja na kupigwa chapa kwa pigo moja. Picha iliyochongwa kwenye bamba la shaba haikuwa na uwezo huo. Ilihitaji mtambo wake na karatasi yake. Ndiyo sababu picha ya mbao ilienea katika magazeti, hadithi za watoto na vitabu vya safari, wakati chapa ya mawe, iliyobuniwa na Alois Senefelder mwishoni mwa karne ya 18, ikichukua kazi za rangi na za mwandiko wa mkono.

Kwa maana hiyo ya Ulaya, nakshi ya kitabu ni picha ya mtu, mnyama au mandhari, au pambo linaloizunguka picha hiyo. Kwa maana ya Uswahilini, nakshi ni mstari, duara, ua na msuko visivyo na sura ya kiumbe. Mtafiti anayetafuta ya kwanza katika pwani ya karne ya 19 atarudi mikono mitupu na kuandika kwamba Waswahili hawakuwa na vitabu vyenye mapambo. Kauli za namna hiyo zilikubalika kwa muda mrefu bila kupingwa, kwa sababu tu swali liliulizwa kwa lugha ya jibu.

Siyu na kazi ya kalamu

Ushahidi mkubwa zaidi unatoka Siyu, katika kisiwa cha Pate. James de Vere Allen, katika makala yake ya mwaka 1979 kuhusu mji huo, aliueleza kuwa kituo cha mafundi: wafua vyuma, washonaji wa viatu vya ngozi, wachonga mbao, na pamoja nao wanakili na watengenezaji wa majalada ya vitabu. Utafiti wa Zulfikar Hirji juu ya misahafu ya Siyu, uliochapishwa miongo minne baadaye, umeonyesha kwamba misahafu kadhaa iliyonakiliwa huko kati ya nusu ya pili ya karne ya 18 na katikati ya karne ya 19 ina mtindo wake wenyewe wa mapambo. Rangi ni chache, nazo ni nyeusi, nyekundu na manjano. Karatasi ilitoka ng'ambo, lakini mkono ni wa hapo hapo.

Mtu anayezitazama kurasa hizo kwa mara ya kwanza huvutiwa na fremu: tepe za msuko zinazozunguka maandishi, na maduara yaliyowekwa pambizoni. Hata hivyo, nakshi hizo zina kazi. Duara la pambizoni humwambia msomaji kwamba juzuu mpya imeanza, au kwamba amefika mahali pa kusujudu. Alama iliyo kati ya aya humwonyesha mahali pa kuvuta pumzi. Fremu ya kurasa mbili za mwanzo humtenganisha na mambo ya nje kama mlango unavyotenganisha barabara na ndani ya nyumba. Ukiziondoa alama hizi maneno yatabaki yaleyale, lakini msomaji atakuwa amepokonywa maelekezo ya namna ya kuyasoma.

Siyu ya wakati huo haikuwa mji wa misahafu tu. Ulikuwa mji wa siasa kali, uliopinga majeshi ya Sayyid Said wa Zanzibar katika miaka ya 1840 na kutiishwa na Sultani Majid mwaka 1863. Mtawala wake, Bwana Mataka, alikuwa mume wa Mwana Kupona, na ndiyo maana utenzi maarufu kuliko yote ya wosia, alioutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, hauwezi kutenganishwa na mji wa wanakili. Wahakiki wameuzungumzia utenzi huo kwa upande wa maadili, wa nafasi ya mwanamke, na hivi karibuni zaidi wa kejeli inayosemekana kujificha ndani yake. Ni nadra kuulizwa ulikuwa na sura gani machoni pa wasomaji wake wa kwanza.

Ubeti mmoja, mstari mmoja

Katika miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu, ubeti aghalabu huandikwa katika mstari mmoja mrefu unaokwenda kutoka kulia hadi kushoto. Vipande vinne hufuatana katika mstari huo, vikitengwa kwa alama ndogo, mara nyingi ya wino mwekundu. Zipo nakala zinazogawa ubeti katika mistari miwili, na zipo ambazo mnakili wake alibanwa na karatasi akafanya alivyoweza. Lakini ngazi ya vidato vinne si kawaida yake. Ikumbukwe pia kwamba miswada ya tenzi haikupambwa kwa ukarimu uliotumika katika misahafu, na ingekuwa kosa kuzungumza kana kwamba kila utenzi ulikuwa na fremu ya msuko. Nakshi ya utenzi ni ya kiasi. Inakaa katika alama ya kutenga vipande, katika mstari wa ufunguzi wenye Bismillahi, na katika tamati, ambapo mnakili hutaja jina lake na tarehe na kuomba dua.

Kiasi hicho kidogo kinatosha kubadili usomaji. Kipande cha nne, chenye kina cha bahari kinachorudiwa kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, huishia kwenye ukingo wa kushoto wa ukurasa. Ubeti unaofuata nao huishia hapo hapo, na unaofuata vilevile. Hivyo kina cha bahari huonekana. Herufi ileile hujipanga wima kutoka juu hadi chini, ikifanya safu moja pembeni mwa karatasi kama pindo la leso. Msomaji wa zamani hakuhitaji kuambiwa kwamba utenzi una bahari. Aliiona kabla ya kutamka neno. Vina vitatu vya ndani navyo vilikaa kabla ya alama nyekundu tatu, vikigawa mstari kwa mapigo. Katika ukurasa uliochapwa, safu ile ya wima imevunjika. Kina cha bahari kimefichwa katika kila mstari wa nne, na jicho huvutwa kwanza na vina vitatu vinavyofuatana. Kilichokuwa uti wa mgongo wa ukurasa kimegeuka kuwa mkia wa ubeti.

Suala hili linaigusa pia istilahi. Maneno kama ukwapi na utao, ambayo mwanafunzi huyakariri kama majina matupu ya kipande cha kwanza na cha pili katika shairi, yana maana kamili yanapofikiriwa kama majina ya nafasi katika mstari mpana unaoenea kutoka upande hadi upande. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), aliwatahadharisha wasomaji wake kuhusu istilahi za ushairi zilizopindishwa na wataalamu waliousoma ushairi katika vitabu vya chapa peke yake. Huenda si bahati tu kwamba Shariff ni mchoraji pia.

Miswada ya kasida inatoa ushahidi wa namna nyingine. Katika Hamziya, mstari wa Kiarabu na tafsiri yake ya Kiswahili hukaa pamoja, mmoja chini ya mwingine, na tofauti ya lugha huonyeshwa kwa nafasi na mwandiko. Mfasiri hajitokezi kama mtu aliyekuja baadaye na kitabu chake. Sauti yake imo ndani ya ukurasa wa anayemfasiri. Toleo linalochapa Kiswahili peke yake kwa hati za Kirumi, hata likiwa na maelezo mazuri chini, limeshatoa hukumu juu ya uhusiano wa matini hizo mbili.

Kuingia kwa mtambo

Edward Steere alifika Zanzibar mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, akitumwa na misheni iliyojulikana kama UMCA. Katika muda mfupi mtambo wa chapa ulikuwa ukifanya kazi katika misheni hiyo, na vijana waliookolewa utumwani walifundishwa kupanga herufi. Mwaka 1870 ulitolewa London mkusanyiko wake wa hadithi za Kiswahili, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Ni kazi yenye thamani kubwa, na bila ya Steere baadhi ya hadithi hizo zingepotea. Lakini ni kitabu kisicho na nakshi yoyote ya Kiswahili. Steere aliamini kwamba hati za Kiarabu hazitoshi kuonyesha sauti za lugha hii, na kwa upande wa irabu na baadhi ya konsonanti hoja yake ilikuwa na nguvu. Alichokibadili, hata hivyo, hakikuwa hati tu. Pamoja na alifu na be ziliondoka pambizo, alama nyekundu, mstari mrefu na tamati ya mnakili.

Wajerumani waliofuata walikuwa waangalifu zaidi kuhusu hati. Krapf alikuwa amepeleka miswada ya tenzi Halle mwaka 1854, ukiwemo ule wa vita vya Herekali, na Carl Büttner aliichapisha mwishoni mwa miaka ya 1880. Mwaka 1892 Büttner alitoa mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu uliokuwa na mabamba ya nakala zenye sura ya maandishi yenyewe, kwa manufaa ya maafisa na wafanyabiashara waliohitaji kusoma barua. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba teknolojia haikuruhusu. Chapa ya mawe na picha viliweza kutoa sura ya mwandiko, na vilitumika pale ilipoonekana kwamba sura ya mwandiko ina faida. Faida hiyo ilionekana katika barua na hati za madai. Katika ushairi haikuonekana.

Wala haiwezi kusemwa kwamba mikono ya kuchonga mapambo ilikosekana. Miji ileile iliyokuwa ikipokea mitambo ya chapa ilikuwa imejaa wachongaji. Milango ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, mingi yake ikiwa ya karne hiyohiyo ya 19, ina tepe za msuko, maua, minyororo na kazi ya patasi ambayo fundi wa Bewick asingeidharau. Nakshi hizo ni ndugu wa zile za misahafu, na wa zile za zidaka za chokaa katika nyumba za Lamu. Fundi wa mlango angeweza kuchonga pambo la ufunguzi wa sura kwenye kipande cha mti chenye kimo cha herufi bila shida yoyote. Sultani Barghash naye alianzisha matbaa yake Zanzibar karibu na mwaka 1880, ikachapa kwa hati za Kiarabu vitabu vikubwa vya fiqhi ya Kiibadhi. Lakini vitabu hivyo vilikuwa vya Kiarabu. Kiswahili kilibaki kati ya matbaa mbili: moja ilikuwa na hati zake lakini haikuchapa lugha yake, nyingine ilichapa lugha yake lakini iliziacha hati zake.

Kuna jambo la kushangaza katika tarehe hizi. Mwaka 1891 William Morris alianzisha kiwanda chake cha chapa cha Kelmscott jijini London ili kuupinga ukurasa mkavu wa viwanda vya zama zake. Alitaka fremu, herufi za mwanzo zilizopambwa, wino mweusi uliokolea, na kurasa mbili zinazotazamana zihesabiwe kuwa kitu kimoja. Chaucer yake ya mwaka 1896, yenye picha 87 za Edward Burne-Jones, ilisifiwa kuwa ushindi wa kitabu kizuri. Ukurasa wa kurasa mbili zinazotazamana, ulioandaliwa kama mlango, ulikuwa umekwisha kufanywa Siyu, na katika miaka ileile Waingereza wengine walikuwa wakiwafundisha vijana wa Zanzibar kuupanga ukurasa uleule mkavu ambao Morris aliulaani. Kitabu kikubwa cha Owen Jones kuhusu mapambo ya dunia, kilichotolewa mwaka 1856 kwa chapa ya mawe ya rangi nyingi, kilikuwa na sura za mapambo ya Kiarabu, ya Kituruki, ya Kiajemi na ya Kihindi, na sura ya makabila yaliyoitwa ya kishenzi. Pwani ya Waswahili haikuwa na sura yake.

Picha za ziwa

Wakati kitabu cha Waswahili kikipoteza nakshi, vitabu kuhusu nchi zao vilikuwa vikijaa picha. Hapa ndipo Nyanza Kusini inapoingia katika historia hii, nayo inaingia kama mandhari. Henry Morton Stanley aliizunguka Ziwa Viktoria kwa mashua yake, Lady Alice, kati ya Machi na Mei 1875, akipita ufukwe wa mashariki ambao leo ni wa kaunti za Migori na Homa Bay. Kitabu chake cha mwaka 1878, chenye juzuu mbili, kilipambwa kwa michoro mingi ya mbao, na mmojawapo unaonyesha kisiwa chenye daraja la asili la mawe alichokiona upande huo wa ziwa. Stanley alikuwa na kamera na daftari la michoro. Wachongaji walikuwa Ulaya. Mawe, mawingu na mawimbi ya ziwa yalichongwa na watu waliojua mawe, mawingu na mawimbi ya kwingine. Kwa hivyo picha ya kwanza ya pwani hiyo kuenea duniani ilitungwa kwa sarufi ya mandhari ya Kizungu, na wakazi wake waliposhika kitabu miongo kadhaa baadaye walikuta tayari wamechorwa.

Kitabu chenyewe kilifika Nyanza Kusini kikiwa tayari cha chapa. Waadventista Wasabato walifungua kituo chao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na mwaka 1913 mtambo mdogo wa chapa uliwekwa hapo ili kutoa maandishi ya Kijaluo. Hapakuwa na mnakili aliyetangulia, wala pambizo la kupotezwa. Hata hivyo si kweli kwamba kupiga chapa kulikuwa jambo geni. Mfinyanzi wa Kijaluo hupamba shingo ya chungu kwa kuviringisha kipande cha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi. Msuko wa kamba hujirudia kuzunguka chungu, safu juu ya safu, sawasawa na mtambo unavyorudia bamba. Nakshi hiyo, kama ile ya msahafu, ina kazi, kwa kuwa hutenga shingo na tumbo la chungu na kumpa mkono mshiko. Fundi wa Siyu angemwelewa mfinyanzi huyo upesi kuliko alivyomwelewa mpanga herufi wa misheni.

Mwanafunzi wa Awendo, basi, ameupokea ushairi wa Kiswahili kupitia njia ambayo ilikwisha kuupunguza mara mbili: kwanza pwani, ulipovuliwa ukurasa wake, kisha shuleni, ulipofanywa kuwa kanuni za mtihani. Si ajabu kwamba wengi huona ushairi wa mapokeo kuwa hesabu ya mizani.

Mapokeo ya nani?

Athari ya haya yote ilidhihirika katika mjadala wa ushairi uliopamba moto katika miaka ya 1970. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na Mulokozi na Kahigi walipofuatia na Malenga wa Bara mwaka 1976, wapinzani wao walisema kwamba umbo la ushairi wa Kiswahili lilikuwa likivunjwa. K. Amri Abedi alikuwa ameshaorodhesha sheria za utungaji mwaka 1954, na sheria hizo zilichukuliwa kuwa sauti ya mababu. Pande zote mbili zilijadili vina na mizani kwa bidii. Lakini umbo lililokuwa machoni mwa watetezi, yaani ubeti wa mistari mifupi iliyopangwa moja juu ya nyingine na kutengwa kwa nafasi tupu, lilikuwa na umri usiozidi karne moja, na lilizoeleka kwa wengi kupitia safu nyembamba za magazeti kama Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Vina vilikuwa vya mababu, na mizani pia. Ngazi haikuwa yao.

Wanamapinduzi nao hawakuwa na habari bora zaidi. Waliposogeza maneno huku na huku kwenye karatasi walidhani wanaleta jambo jipya, na baadhi ya tungo za Kithaka wa Mberia zinazotumia mpangilio wa maneno kama picha zilipokewa kama mchezo wa kisasa. Ukweli ni kwamba wazo la ukurasa kuwa sehemu ya maana ya tungo lilikuwa la kawaida kabisa kwa mnakili wa Kiamu. Kama mjadala ungeanzia kwenye miswada, pengine lawama za ugeni zingegawanywa kwa namna tofauti.

Yupo mtu mmoja ambaye maisha yake yanaleta pamoja nyuzi zote hizi, naye ni Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyezaliwa katikati ya karne ya 19 na kufariki mwaka 1945. Alikuwa mtunzi, mnakili, mwanamuziki aliyetengeneza ala zake mwenyewe, na mchonga milango. Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann wote walipokea miswada kutoka mkononi mwake. Baadhi ya miswada hiyo ina kurasa za mwanzo zilizopambwa kwa fremu na rangi, na mwandiko wake wenyewe ni kazi ya sanaa. Alijua kwamba anawaandikia wageni wanaolipa, na kuna uwezekano kwamba pambo lilikuwa sehemu ya bei. Jambo hilo halilipunguzii thamani, kwani hata Morris aliuza vitabu vyake kwa matajiri. Kijumwa aliijua nakshi kwa patasi na kwa kalamu, na hakuonyesha dalili ya kuziona kuwa fani mbili.

Toleo la Werner na Hichens la wosia wa Mwana Kupona lilitoka mwaka 1934, la Hichens la Al-Inkishafi mwaka 1939, na la Dammann la tungo za Kiamu mwaka 1940. Yote ni matoleo ya wataalamu waliouheshimu ushairi huu kwa dhati. Katika Al-Inkishafi hasa, hali inakuwa ya kusikitisha kidogo. Utenzi huo unaomboleza nyumba za Pate zilizokuwa na zidaka na vyombo vya kaure na taa, ambazo sasa zimekuwa makao ya ndege na wadudu. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alifanya uharibifu wa nakshi kuwa hoja yake kuu kuhusu dunia. Msomaji wa leo huusoma utenzi huo kwenye ukurasa ambao nao umekwisha kuvuliwa nakshi, bila kujua kwamba tungo na karatasi vinazungumzia jambo lilelile.

Yapo ya kufanya, nayo si magumu. Orodha ya J. W. T. Allen ya miswada iliyohifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapishwa mwaka 1970. Picha za miswada mingi ya SOAS, London, sasa zinaweza kutazamwa na mtu yeyote mwenye kompyuta, awe Lamu au Rongo. Mhariri wa toleo lijalo la utenzi wowote wa karne ya 19 anaweza kuuchapa ubeti katika mstari mmoja kwenye karatasi iliyolazwa, akaziacha alama nyekundu mahali pake, akaandika jina la mnakili pale alipoliandika mwenyewe. Gharama ya wino mwekundu haizuii chochote siku hizi. Na katika mtihani, mtahiniwa atakayejibu kwamba ubeti wa utenzi una mstari mmoja wenye vipande vinne asinyimwe alama.